Vizimba vya Sabuni

Bi Povu alikuwa mtu wa hasira, na anayekwambia alikuwa mpole hajawahi kufanya naye kazi hata nusu siku. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alibandikwa na wauguzi wenzake pale hospitali, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzuia maambukizi, na kwa macho ya wengi kuzuia maambukizi maana yake ni kuwafuatafuata watu wazima wanawe mikono kama watoto wa chekechea. Akitokea mlangoni mwa wodi, aliye karibu alikohoa mara mbili, na papo hapo kila mtu alikumbuka bomba liko wapi. Daktari aliyetoka kufungua kidonda cha huyu akiwa njiani kwenda kufungua cha yule, alinawa. Wanafunzi walinawa mpaka kwenye viwiko. Yeye alisimama akawatazama wanavyosugua vidole kwa unyenyekevu, akauliza, "Leo wodi nzima mna kifua?" Hakuna aliyecheka, maana walijua hatanii.

Kazi hiyo hakuiomba. Miaka mingi alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na angestaafu humo, lakini siku moja daktari bingwa alipokea simu akiwa na glavu mikononi, akaongea wee mpaka akatosheka, kisha akarudi mezani kuendelea na mgonjwa. "Daktari," Bi Povu alimwambia mbele ya wote, "hiyo simu nayo tunaiingiza tumboni?" Mtu wa dawa ya usingizi akaangua kicheko. Bingwa hakukisahau kicheko kile. Haukupita muda, Bi Povu akahamishiwa kwenye kitengo ambacho hakikuwa na mtu mwingine ila yeye mwenyewe, ofisi yake kichumba kilichopakana na dobi, ukuta mmoja una joto tangu asubuhi mpaka jioni kwa sababu ya mashine za kufulia. Walidhani wamemzika mzima mzima.

Walijidanganya. Alipelekwa kozi ya mwaka mmoja, kwa kuwa aliyepangwa kwenda alipata safari nzuri zaidi, na huko akajifunza jambo lililomkaa rohoni: ugonjwa unaozuka hospitalini una njia uliyopitia, na njia hiyo inafuatika ukiwa na subira na mdomo usioogopa kuuliza. Aliporudi ndiye aliyegundua kwa nini akina mama waliojifungua kwa upasuaji walikuwa wanatunga usaha kwenye mshono. Mpira wa mlango wa mashine ya kuchemshia vyombo ulikuwa umechakaa, mvuke unatoroka, vyombo vinatoka vya moto lakini si safi. Mpira ukabadilishwa, usaha ukakoma. Nani alimshukuru? Hakuna. Mama anayekwenda nyumbani na mshono mkavu anaona ni haki yake, na kweli ni haki yake. Kazi ya Bi Povu ikienda vizuri haionekani, na kwa kuwa haionekani wakubwa wanauliza huyu mama hasa anafanya nini. Hilo lilimuudhi kila siku ya Mungu.

Haya, tuje kwenye vizimba. Kuna wafadhili walileta chupa za sabuni ya maji, zile za kubonyeza kichwani, nzuri, zina picha ya mikono miwili inayometameta. Chupa zikaanza kuibwa. Wanaokuja kutazama wagonjwa waliziiba, na wafanyakazi nao waliziiba, tusidanganyane. Mkurugenzi wa hospitali akaamuru kila chupa ijengewe kizimba cha chuma ukutani, kimechomelewa pande zote, juu pameachwa tundu la kutokeza kichwa cha chupa tu. Sabuni ikipungua unazungusha kichwa kinatoka, unamimina nyingine humohumo, unafunga. Kazi ya kuchomelea akapewa mdogo wake Bi Povu, fundi chuma mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta, mwanamume asiyejua kufanya kazi nusunusu. Alivichomelea vile vizimba ungedhani ndani anakaa chui.

"Dada," alijisifu siku alipomaliza, "mwizi atakayeitoa chupa humu, mimi mwenyewe nitampa mkono."

"Na anayetaka kuitoa aioshe?"

"Chupa ya sabuni inaoshwa kwa nini? Si ina sabuni?"

Hapo ndipo kosa lilipo, na wala si la fundi peke yake. Watu chungu nzima, wenye vyeti na wasio na vyeti, wanaamini sabuni haichafuki. Inachafuka vizuri sana. Chupa ikiwa haitolewi, haioshwi wala haikaushwi, sabuni ya leo inamwagwa juu ya ile ya jana, ya jana iko juu ya ile ya juzi, na ikionekana kidogo wanaongeza maji ya bomba ili isogeesogee. Chini kabisa kunajengeka utelezi, na ndani ya utelezi ule vijidudu vinazaliana kwa raha zao. Halafu muuguzi anabonyeza, ananawa kwa moyo wake wote, anakwenda kumshika mtoto mwenye uzito wa mkate. Bi Povu aliyasema hayo kwenye kikao. Akayasema tena kwenye kikao kilichofuata. Mkurugenzi akamjibu kwamba wafadhili watakuja kutazama chupa zao na safari hii watazikuta zote, jambo ambalo halijapata kutokea, na kikao kikafungwa kwa chai.

Kisha watoto wakaanza kufa kwenye chumba cha wachanga. Waliozaliwa kabla ya wakati hufa, kila mtu analijua hilo, na ndilo neno walilojifichia nyuma yake. Lakini hawa vifo vyao vilifanana. Mtoto anaanza vizuri, ananyonya, anaongezeka, halafu ghafla anakataa ziwa, tumbo linajaa, ngozi inageuka kijivu, kesho hayupo. Wa tatu alikuwa binti wa mshonaji mmoja, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, ambaye siku alizokaa pale aliwashonea watoto wote wa chumba kile kofia kwa vipande vya vitambaa. Bi Povu alikuwa amesimama mlangoni wakati mshonaji anakabidhiwa mwanawe amefungwa kwenye shuka.

"Ni nini hiki, dada?" mshonaji alimuuliza. "Juzi alikuwa mzima."

"Bado tunachunguza, mama," alisema Bi Povu. Lilikuwa jibu la kazini, na alilichukia likiwa bado mdomoni.

Siku ileile alichota sabuni kwenye kila kizimba cha chumba kile akaipeleka maabara. Fundi wa maabara akaiotesha kwenye visahani vyake, na ilipokuwa tayari akamwita aje aone kwa macho yake. Vijidudu vimetapakaa kisahani kizima, na ni vilevile vilivyotoka kwenye damu ya watoto. Hakukuwa na la kubishania tena. Bi Povu akatoka pale moja kwa moja mpaka kwa mkurugenzi.

"Nataka vizimba vya chumba cha wachanga vitoke leo," alisema.

"Mama, keti kwanza."

"Siketi."

"Majibu yana saini ya mkuu wa maabara?"

"Mkuu wa maabara yuko safarini."

"Basi tumngojee. Wafadhili wako njiani, mama. Unataka wakute kuta zina mashimo?"

"Nataka wakute watoto."

Mkurugenzi hakuwa mtu katili, na hilo ndilo lililomtia Bi Povu wazimu. Katili unamjua, unajua pa kumshika. Huyu alikuwa na sauti laini na kalamu nzuri. Alimwambia anaelewa uchungu wake, aandike taarifa rasmi, naye ataipa uzito unaostahili. Bi Povu akaandika. Akanunua miche ya sabuni dukani, akaikata vipande, akaiweka kwenye kila sinki la chumba kile. Kufika jioni vipande vyote vilikuwa vimepata wenyewe. Akamwendea mtunza stoo kuomba miche mingine, akaambiwa tangu chupa zije miche haiagizwi tena. Akarudi kuulizia taarifa yake, akaambiwa iko mezani. Ilikuwa mezani wakati mtoto wa nne anakufa.

Na ni katika kungoja huko ndipo wifi yake, mke wa fundi chuma, aliposhikwa na uchungu miezi miwili kabla ya siku zake.

Mtu na wifi yake hawakuwa na ugomvi, lakini hawakuwa chanda na pete pia. Wifi alikuwa na ulimi. "Kwa wifi yangu huingii," aliwaambia watu wakiwa wamekaa, "mpaka uoshwe kama maiti." Ndugu walicheka mpaka machozi, na Bi Povu alikaa pale amenuna, maana ilikuwa kweli. Sasa wifi huyo amejifungua mtoto wa kiume, mdogo, mwekundu, analia kwa sauti isiyofika mlangoni, na amepelekwa chumba cha wachanga pamoja na wenzake. Fundi chuma alimkuta dada yake kwenye korido, akamshika mikono yote miwili.

"Afadhali uko hapa, dada. Shangazi yake yupo, nani wa kumchezea?"

Bi Povu hakumzungusha. Alimwambia kilichomo kwenye sabuni, akamwambia watoto wanne wamekufa, akamwambia mtoto huyu anapumua mwenyewe bila msaada, kwa hiyo atolewe mle, awekwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, chumba cha pili. Joto la mama litamtosha.

"Kwa hiyo vizimba vyangu ndivyo vina kosa?" fundi alisema, na ilionekana ameumia. "Hakuna hata kimoja kilichoachia, dada. Hata kimoja."

"Hilo ndilo kosa lake."

Wifi naye akatia ngumu. Amelala kitandani, amechoka, macho yamevimba. "Wifi, daktari anasema mtoto akae kwenye joto la mashine, wewe unaniambia nimsokomeze kifuani kama simu? Mimi namsikiliza daktari."

"Daktari hanawi kwa vitabu vyake, ananawa kwa ile sabuni."

"Wewe kila kitu kichafu. Hata kwenye harusi yangu ulisema vyombo havikuoshwa."

"Havikuwa vimeoshwa," alisema Bi Povu, na hapo mazungumzo yakavunjika. Akatoka akijilaani, kwa sababu hata akiwa na haki alikuwa hajui kuisema bila kumchoma mtu.

Basi mtoto akabaki mle. Shangazi yake alishinda pale kila alipopata upenyo, kipande cha sabuni mfukoni, na kila aliyemsogelea mtoto yule alipewa kipande hicho na kutazamwa mpaka akamaliza. Wauguzi wakaanza kunung'unika kwamba huyu mtoto wa ukoo ana sinki lake. Lakini mtu hawezi kuwa kila mahali. Asubuhi moja wifi alimpigia simu, na safari hii hakukuwa na utani.

"Wifi, njoo. Hanyonyi."

Bi Povu alifika, akafunua shuka. Tumbo lilikuwa limekaza, ngozi imeanza kupoteza rangi yake. Alimwambia daktari wa zamu dawa ipi iliyovishinda vile vijidudu kule maabara, daktari akaianzisha hapohapo bila ubishi. Kisha akatoka nje. Hakupita kwa mkurugenzi. Alivuka barabara na sare zake za kazi, akapita kituo cha mafuta, akaingia karakana, akamkuta mdogo wake ameinamia geti la mtu, cheche zinaruka.

"Zima hiyo," alimwambia. "Mwanao ameshikwa na ugonjwa uleule. Njoo utoe vizimba vyako."

Fundi alivua miwani ya kuchomelea. Akanyoosha mkono kwenye zana zake. "Nibebe grinda?"

"Mle mna oksijeni, unataka cheche zake zitulipue? Beba msumeno."

Walifika saa ya kutazama wagonjwa, korido imejaa watu. Bi Povu aliingia chumba cha wachanga akasema kwa sauti kwamba kila mama achukue mwanawe, amweke kifuani, waende chumba cha pili, na wauguzi wawasaidie kubeba dripu na mitungi. Wengine walikuwa wameshika vilango vya mashine, wanasita. Wa kwanza kunyanyuka alikuwa wifi yake. Alimchukua mtoto, akamsukuma ndani ya blauzi yake, akapita mbele ya Bi Povu bila kumtazama, na wengine wakamfuata. Sista msimamizi wa chumba akaja akaziba njia.

"Nani ameidhinisha hii?"

"Mimi."

"Una karatasi?"

"Nina msumeno."

Sista alimtazama yule fundi, akajua ni baba wa nani, akasogea. Fundi akaanza kizimba cha kwanza. Kukata chuma kwa mkono si mchezo, na vyuma vile vilikuwa vimechomelewa na mtu aliyejua anachokifanya. Jasho lilimtiririka. "Nani mjinga aliyechomelea hivi?" alisema, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Kizimba kilipoachia, akaivuta chupa ya kwanza, akainyanyua usawa wa dirisha. Chini ya ile sabuni ya kijani kulikuwa na ute mzito wa rangi ya waridi iliyooza, umeshikilia kwenye chupa, na aliponusa alikutana na harufu ya maji ya dimbwi.

"Hii ndiyo wananawia?" aliuliza. "Halafu ndio wanamshika mwanangu?"

"Hiyo."

Alikata kizimba cha pili, cha tatu, vyote vya chumba kile, kwa nguvu ambazo hakuna kazi ya kulipwa inayozitoa, mpaka vidole vikachubuka na chuma kikawa na damu. Sista msimamizi alisimama nyuma yake anapokea chupa moja moja, na kila moja aliipindua akatazama chini yake.

Mkurugenzi alifika na mtunza stoo wakati wanamalizia. Akatazama ukuta, plasta imebanduka, vipande vya chuma sakafuni.

"Mama," alisema kwa ile sauti yake, "huu ni uharibifu wa mali ya hospitali."

Bi Povu alikuwa amengoja siku nyingi kumpa mtu yule vidonge vyake, na alikuwa na maneno ya kutosha kumaliza mchana. Lakini hakuyasema. Alichukua chupa kwa sista, akambonyezea mkurugenzi sabuni kiganjani kabla hajajua kinachotendeka.

"Nawa," alisema.

"Nini?"

"Nawa, bosi. Nawa vizuri, kisha uingie chumba cha pili ukamshike mtoto mmoja. Chagua unayemtaka."

Mkurugenzi alikitazama kiganja chake. Hakunawa. Alisimama amekunjua mkono mbali na suti, kama mtu aliyeshika kitu cha kuungua, na mtunza stoo akakimbia kumtafutia kitambaa. Jioni ile miche ya sabuni, ambayo haiagizwi tena, ilipatikana stoo katoni nzima.

Hakuna mtoto mwingine aliyeshikwa na ugonjwa ule. Wa fundi chuma alihangaika nao, siku nyingine anaonekana anapona, siku nyingine mnamkatia tamaa, mpaka tumbo likashuka na akalikamata ziwa kwa hasira ya ukoo wao. Ndugu walikuja na kumwita Bi Povu mkombozi. Wifi alimkumbatia mbele za watu akalia begani kwake, na utani wa maiti hakuusema tena. Mkuu wa maabara akarudi, akasaini. Kwenye kikao mkurugenzi akaeleza jinsi hospitali ilivyochukua hatua za haraka, na Bi Povu, ambaye siku hiyohiyo alikuwa amepewa onyo kwa kubomoa ukuta, akasimama katikati ya hotuba akatoka, maana angekaa angetukana.

Alikuwa bado anafura kichumbani kwake pembeni ya dobi pale mlango ulipogongwa. Alikuwa yule mshonaji. Habari zimemfikia, hospitali haina siri. Alikataa kiti, akasimama mlangoni na mkoba wake kifuani.

"Ni wewe uliyevitoa vile vyuma?"

"Ni mimi."

"Wanasema mtoto wa mdogo wako amepona."

"Amepona, nashukuru Mungu."

"Na mimi namshukuru kwa ajili yake." Alisema hivyo bila kejeli yoyote. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Ulijua lini kwamba ni sabuni?"

Bi Povu alifungua mdomo, na yale majibu yote yakaja yamejipanga: kwamba alisema kwenye vikao kabla mtoto yeyote hajafa, kwamba baada ya binti yake alipeleka sabuni maabara siku ileile, kwamba aliandika taarifa, kwamba saini haikuwepo. Akaanza kuyasema. Aliyasema kwa hasira, mkurugenzi vile, mtunza stoo vile, na mshonaji akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kabla ya wangu ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nawaambia."

"Ulikuwa unawaambia," mshonaji alisema. "Na msumeno? Ule msumeno ulinunuliwa wakati alipougua mtoto wenu?"

Msumeno haukununuliwa. Ulikuwa karakana siku zote, mwendo wa kuvuka barabara.

"Sikulaumu kwa kumpenda wa kwenu," mshonaji alisema. "Ila wangu hakuwa na shangazi humu ndani."

"Hapana," alisema Bi Povu. "Hakuwa naye."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokifuata, akaushika mkoba wake vizuri, akaondoka. Bi Povu alibaki amesimama, hasira bado imemjaa, na hakuna tena mtu mwingine wa kumwagia.